Nilivyounyoa Ua wa Mwenye Eda

Niliukata ua wa mjane aliyekaa eda mpaka ukanifika kiunoni, na nilipomaliza nikarudi nyuma kidogo, nikautazama, nikajisifu. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia udhuru. Mama yangu aliutafuta sana, naye alikuwa ananipenda, lakini hakuupata.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado yupo Bomani, nami nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo lililokuwa adimu Bagamoyo, hata watu walinisalimu kwa tahadhari kana kwamba ningewasahihisha. Nilipewa ukarani Kilosa. Nikaenda, nikaona kitanda si changu na maji ya kuoga yana harufu ya mahali pengine, nikarudi na lori la kwanza lililokuwa likishuka Chalinze. Wapo waliozaliwa kusafiri. Mimi nilizaliwa kukaa. Mama hakunihoji. Aliniwekea chai, akasema, "Basi tafuta kazi ambayo ukiwa kazini utaliona paa letu."

Kazi hiyo ilikuwa kukata ua kwa Bwana Mkubwa, yule Mwingereza wa Bomani. Nyumba yake haikuwa mbali na kwetu. Nilipewa mkasi mkubwa wa kushikwa kwa mikono miwili, vigingi na kamba. Unapiga kigingi huku na kigingi huku, unavuta kamba katikati, kisha unakata kila kinachochomoza juu ya kamba, na macho hayatoki kwenye kamba. Bwana alitaka ua uwe sawa kama meza, usipite kiuno cha mtu, ili yeye akikaa barazani kunywa chai asizibiwe upepo. Basi mji mzima ukamwona akinywa chai. Tulijua anatia sukari kiasi gani, na tulijua siku ambazo mkewe amemnunia. Kwetu mtu hupanda ua ili ajifiche. Mzungu alipanda ua, kisha akamlipa mtu mshahara ahakikishe haufichi kitu. Na mtu huyo, pamoja na elimu yake yote, hakuona ajabu. Nilidhani huo ndio ustaarabu.

Kulikuwa na sharti moja zaidi: mkata ua asitazame ng'ambo. Bwana hakupenda kutazamwa, ingawa alikaa hadharani. Nikajifunza kukata siku nzima bila kujua upande wa pili kuna nini. Nilijivunia jambo hilo pia.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa mchuuzi wa chumvi na samaki wa ng'onda, mtu wa Saadani na kwingineko, ambaye kwake alikuja kama Idi: kwa kutarajiwa sana na kwa muda mfupi. Ua wake ulikuwa wa michongoma, miiba mitupu, mrefu kumpita mtu aliyejitwisha mzigo. Aliupanda mwenyewe ili mkewe asitirike, yeye akiwa safarini. Akafa hukohuko safarini, kwa homa, akaletwa kuzikwa. Mkewe akaingia eda. Hatoki, hajipambi, haonekani na mwanamume anayeweza kumwoa. Ana chumba chake na uani kwake, basi.

Arobaini ilipokaribia, kaka yake mjane, aliyehamia pale kumsimamia dada yake, akanijia na maneno machache.

"Bwana mdogo, matawi yameingia njiani. Wageni wa hitima watachanika kanzu. Yafyeke hayo ya njiani tu."

Ningefyeka hayo ya njiani tu, ningemaliza kabla chai haijapoa, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilikuwa fundi wa Bomani, na marehemu alikuwa jirani. Nikaona haya kumpa mfiwa kazi ya panga. Nikapiga vigingi, nikavuta kamba. Kaka mtu alikuwa amekwenda sokoni kutafuta mchele na mbuzi wa hitima. Wanawake walikuwa ndani wakitwanga, na mkasi wakiusikia, lakini mkasi haumwambii mtu umefika urefu gani. Michongoma ikaanguka vichaka kwa vichaka. Macho kwenye kamba.

Nilipomaliza nikajisifu, kama nilivyokwisha kusema. Halafu ndipo nikatazama ng'ambo.

Mjane alikuwa ametoka kukuna nazi. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, mguu mmoja huku na mmoja huku, kichwa wazi, na nadhani alikuwa amenipa mgongo mpaka dakika ile ile alipogeuka kuangalia mwanga umetoka wapi. Tukatazamana. Hakupiga kelele. Alichukua ungo uliokuwa kando yake, akajifunika nao uso, akabaki palepale nyuma ya ungo, maana kusimama kungemwonyesha zaidi. Nami badala ya kukimbia, nikamwambia shikamoo.

Ungo haukujibu.

Kaka yake aliporudi, aliutazama ua, akanitazama mimi, akautazama tena ua.

"Umefanya nini?"

"Nimeusawazisha."

"Huko Bomani hakuna wanawake?"

"Yupo mmoja."

"Amekaa eda?"

"Hapana."

"Basi."

Akaenda kumwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akarudi na jibu. Eda haikuvunjika, kwa kuwa mwenye eda hakujitokeza mwenyewe. Ni ulimwengu uliomwingilia. Lakini kila mwanamume atakayepita na kumwona kuanzia sasa, dhambi yake na aibu yake zinajulikana zimetoka mkasi gani. "Mchongoma hauamrishwi kuota," akaniambia. "Mpaka uote, ua ni wewe."

Nikawa ua. Kila nikitoka kwa Bwana Mkubwa, ambako nilishusha ua wa mtu aliyetaka kuonekana, nilikuja kupandisha ua wa mtu asiyetaka. Nilisuka makuti mabichi, nikayafunga juu ya vile visiki vya miiba, na upepo wa kaskazi ukayafungua. Mama alilishika kuti langu la kwanza, akaliinua kuelekea jua.

"Hili kuti au chujio? Naiona Unguja yote."

"Nitalikaza, mama."

"Likaze, baba. Huko shuleni mlikuwa mnasuka nini?"

Watu wa mji wetu nao ni wacha Mungu sana. Njia ile ilikuwa ya mchanga na kinyesi cha mbuzi, na haikuwa fupi kwa yeyote anayekwenda msikitini. Ghafla ikapendwa. Walipita waliokuwa wakipita kwingine tangu utotoni, walipita wagonjwa wa miguu, alipita hata mmoja ambaye msikiti wenyewe ulikuwa umeshamsahau. Wote walitembea polepole, wakisifu kazi yangu. Ndiyo maana nilichukua kigoda nikakaa hapo, nikisuka na kufunga, mchana hadi magharibi. Kukaa, angalau, nilikuwa nakujua.

Ijumaa moja baada ya mvua, makuti yakaanguka upande mzima, watu wakiwa ndio wanatoka kuswali. Mjane alikuwa katikati ya uani na ndoo ya maji, mbali na mlango. Nikanyakua jamvi kibarazani kwetu, nikasimama kwenye pengo, mikono juu, jamvi mgongoni kwangu kama tanga lisilo na pa kwenda. Mjane akachutama nyuma ya jamvi.

Aliyetangulia alikuwa mzee muuza kahawa. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Asalaam aleikum, msomi."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nakupa mkono."

"Nauona, mzee. Yangu ina kazi."

"Kazi gani? Unaanika jamvi?"

"Naanika."

"Mbona kavu?"

"Linazidi kukauka."

Wenzake wakajipanga nyuma yake kama wanaosubiri kikombe. Mmoja akasema, "Mwacheni, mzee. Huo ni ua uliofika sekondari. Ukiugusa, unakujibu Kiingereza."

Wakacheka, na hakuna aliyeondoka. Mikono ikanichoka, jamvi likashuka kidogo, na muuza kahawa akarefusha shingo. Nyuma yangu nikasikia ndoo ikigonga jiwe: alikuwa akijaribu kujisogeza akiwa amechutama vilevile. Mtu mzima, mfiwa, anatambaa uani kwake mwenyewe kwa sababu mimi nilitaka nisifiwe kwa ua ulio sawa kama meza ya Mzungu. Nikakasirika, jambo ambalo silifanyi vizuri.

"Mzee," nikasema, "wewe una mabinti nyumbani. Na ua wako ni wa michongoma kama huu. Mkasi ninao, na wiki hii nina nafasi."

Shingo ikarudi mahali pake. Akasema dua fupi, akaenda zake, na wenzake wakamfuata kwa mwendo ambao wagonjwa wa miguu hawakuwa nao walipokuja. Nyuma yangu mlango ukafungwa. Tangu siku ile njia ikabakia ya mbuzi.

Masika yakaivisha michongoma. Ikachipua kwa hasira, miiba mipya juu ya miiba ya zamani, nami sikugusa ila matawi ya njiani, tena kwa panga. Eda ikaisha. Wanawake wakamwogesha mwenzao, wakamvisha kanga mpya, ubani ukafika mpaka kwetu. Nilikuwa kwenye kigoda changu kandokando ya ua, kuti mapajani, ingawa ua ulikuwa umenipita kichwa na hapakuwa na pengo la kuziba. Mlango wa uani ukafunguliwa, akatoka, mama yangu yuko ubavuni mwake. Nikasimama. Nilikwisha kutunga jibu la unyenyekevu, la kumwambia asinishukuru.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake. Akalitazama lile kuti, akakitazama kigoda.

"Marehemu, Mungu amrehemu, katika ndoa yetu yote hakukaa hapa kwangu kama ulivyokaa wewe. Ua umeshaota. Nenda kaoe, ukakae kwako."