Daraja Walilolibeba Wakaenda Nalo

Mkono wa mke wangu uliponyoka mkononi mwangu katikati ya mto. Maji yalikuwa kifuani. Alikuwa na homa kali, hata kusimama hawezi, nampeleka hospitali Kocholia. Mimi maji yalinitupa kwenye matete. Yeye walimpata kesho yake, mbali huko chini.

Na pale pale tulipozama paliwahi kuwa na daraja. Sisemi lile la zamani, hilo lilibebwa na mafuriko. Nasema la wanajeshi.

Walikuja kufanya mazoezi ya vita, lori zimejaa fremu za chuma. Mashine ya kuinua hawakuleta. Fremu moja watu sita, wanabeba kwa mikono, wanaiunga na nyingine kwa pini, wanalaza juu ya vyuma vinavyobingirika. Halafu wanasukuma. "Moja, mbili, twende!" Daraja likaenda likining'inia hewani, pua mbele, halijagusa maji, mpaka ng'ambo. Hata sisi tulisukuma. Jioni mke wangu alivuka na beseni lake la omena, anacheka peke yake.

Mazoezi yalipoisha wakaanza kulifungua. Nikamuuliza sajenti, "Afande, mbona mnatuondolea?"

"Mzee, vitani ukishavuka unabeba daraja lako, adui asikufuate."

"Kwani sisi ndio adui?"

Akaniambia mkubwa wake alikubali kutuachia kwa muda, ila kiongozi wetu amekataa.

Huyo kiongozi ni mwakilishi wa wadi yetu. Alikuwa amesimama hapo na viatu vyake safi. "Daraja la kuazima kama viti vya matanga la nini? Mimi nawaletea la zege!"

Mama muuza uji akamjibu, "Boss, hilo zege litaiva lini? Uji wangu unaiva kila asubuhi."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alitaka akate utepe wake mwenyewe, basi. Chifu naye, aliyekuwa kando yake, alisikia yote, akafunga mdomo. Wanajeshi wakapakia vyuma vyao wakaenda.

Zege mpaka leo hatujaliona. Kuna vigingi viwili tu, ambavyo mwakilishi alisimama navyo akapigwa picha.

Mwakilishi, kwangu unapajua. Ulikuja matanga ya mke wangu, ukashika kipaza sauti, ukasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuulizwa kama daraja libaki. Uliulizwa wewe. Rudi basi, bila kipaza sauti, usimame mbele ya watoto wake uwaambie kwa nini ulisema hapana. Na chifu uje naye.