Faili la Ukuta Bila Bi Verlena

Katika miaka sita Bi Verlena Corbin alikuwa amesimulia maisha yake mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne mumewe alikufa upya. Jimbo lilitaka kujua kama kisiwa cha Marrow, katika Ghuba ya Chesapeake, Marekani, kina watu na si ndege tu, kabla ya kujenga ukuta wa mawe upande wa magharibi. Huko maji yalikuwa yameshakula barabara, uwanja wa besiboli na robo ya makaburi. Vipimo walikuwa navyo tele. Walichokosa ni machozi.

Ya Bi Verlena yalipendwa kuliko ya wenzake. Maneno yake, "Nitatoka hapa nimebebwa," yalipigwa chapa kwenye mabango, kisha kwenye fulana. Mtalii mmoja alimpita nayo kifuani bila kumtambua.

Sasa figo zake zilikuwa zimechoka kabla yake. Daktari alitaka damu isafishwe bara, mara tatu kwa wiki. Boti ya posta huvuka mara moja kwa siku, barafu ikiruhusu, na Januari nzima ilikuwa imeruhusu siku tisa. Alipata chumba katika nyumba za wazee, hatua chache kutoka kliniki. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

Jumatano akaja Harlan, mdogo wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa kamati ya kisiwa. Mkononi alishika keki ya tabaka nane.

"Nani kaoka?"

"Mimi."

"Mwongo we. Hii ya mkeo, naona alivyobania sukari."

"Haya, ya Arletta. Shemeji, ningoje mpaka Machi. Wabunge wanapigia kura ukuta, wiki tano tu."

"Ziambie figo zingoje."

"Yule Kendra wa chuo kikuu anayetunasa sauti kasema faili la simulizi ni la wakazi tu. Ukihama, simulizi yako inatolewa. Itabaki ya Mchungaji na boti yake."

"Ile ya dakika hamsini?"

"Imeongezeka."

Bi Verlena alicheka, na kucheka kukamchosha.

"Si ulisema mwenyewe utatoka umebebwa?"

"Nilisema nikiwa na miaka sabini na mbili. Wewe ulisema humtaki Arletta hata kwa dawa."

Hata hivyo, Harlan alipoondoka, Bi Verlena alikaribia kukubali kungoja. Alhamisi boti haikuvuka. Alishinda kwenye kiti, miguu imevimba, akiangalia barafu. Ijumaa asubuhi alipiga simu nyumba za wazee, akasema anakuja.

Kisiwani Marrow, anayehama hutangaza mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye ushuhuda wa Jumapili kanisani. Bi Verlena alisimama, akashika benchi la mbele.

"Nahama Jumanne. Sina la kuongeza."

Ushuhuda hujibiwa amina. Safari hii watu walikagua viatu vyao, mpaka Arletta akaisema peke yake, kwa sauti ya kugombana.

Jumanne Kendra alishuka kwenye boti na karatasi ya kumfuta kwenye faili. Bi Verlena aliitia sahihi gatini, juu ya sanduku lake mwenyewe.

"Kinasa sauti unacho?"

"Ninacho, Bibi, ila yako sasa haihesabi—"

"Si mimi. Huyu."

Harlan aliweka chini boksi la sufuria alilombebea. "Mimi nina nini cha kusimulia?"

"Kaburi la mama yenu."

"Lile hatulisemi, shemeji."

"Basi na ukuta hamna. Kaa."

Alikaa juu ya boksi. Alianza na hali ya hewa, akaenda kwenye injini ya boti yake, akaieleza kwa kina, plagi zake na ukaidi wake. Kendra aliitikia kwa kichwa, kwa adabu ya mtu aliyekwisha kumsikiliza Mchungaji.

"Harlan," alisema Bi Verlena.

Harlan alivua kofia.

"Nilikuwa naenda kuangalia mitego," alisema. "Nikaona kitambaa cha bluu mchangani. Nikakijua. Gauni la kumzikia nililichagua mimi."

Boti ikapiga honi. Baharia akachukua masanduku. Bi Verlena alishika kigari chake cha kutembelea, akaufuata ubao wa kupandia boti polepole, hatua moja, pumzi mbili. Hakuaga. Angemkatiza, na Harlan angelazimika kuanza tena kwenye injini.