Mtu wa Mwezini na Ugoro wa Susu

Hadithi ya mtu aliyeenda mwezini, kwangu mimi, inanuka ugoro. Pale Kanyangi, Bwana Salimu mwenye duka alifunga ugoro kwa kurasa za magazeti ya hadithi, akizichana moja moja na kuzikunja kama pembe. Nyanya yetu, Susu Kalondu, alikuwa mnusaji hodari, na ugoro ukiisha karatasi ilikuwa yangu. Nilisoma nikipiga chafya. Dada yangu mdogo Mueni, ambaye hakuwa ameanza shule, alikaa kando yangu akipiga chafya za uongo ili asiachwe nyuma. Hivyo ndivyo tulivyompata mtu yule na chombo chake cha chuma, ukurasa leo, mwingine juma lijalo, wala si kwa mpangilio.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Mahindi ya msaada yalifika, magunia niliyaona kwa macho yangu. Karani wa kugawa, Kitheka, aliyapeleka kwa wakwe zake, nasi tukachemsha majani ya porini mpaka ndimi zikawa kijani. Ndipo ukaja ukurasa uliosema kwamba chakula cha mtu wa mwezini kimekwisha. Mueni alishindwa kulala. "Kaka, atakula nini?" Nikamwambia angoje Susu amalize ugoro. "Susu, nusa haraka!" akalia, na bibi wa watu akanusa mpaka machozi yakamtoka. Karatasi iliyofuata ilikuwa na mashine ya kuvuta mvua. Tulishangilia kana kwamba imenyesha kwetu. Lakini kurasa zote nilizibeba shuleni ndani ya shati, Mwalimu Ndeto akazikuta, akawashia moto wa chai yake. Niliposema ni zangu alinichapa, akaniambia nisirudi. Sikurudi. Masomo yangu yaliishia darasa la nne, na jina lake nalitaja hapa kwa sababu nimechoka kulimeza. Jioni ile nilimwahidi Mueni kwamba mwisho wa hadithi nitautafuta na nitaupata.

Nimeutafuta utu uzima wangu wote. Wauza vitabu vya zamani wa miji ya Kitui na Wote wananijua. "Mzee wa mwezi amefika," wanasema. "Leo umekumbuka jina la kitabu?" Sikumbuki, na siachi. Mwaka jana mjane mmoja wa Kalamba alinifungulia sanduku la magazeti ya marehemu mumewe. Niliyasoma nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Mtu wa mwezini alikuwemo. Mashine ya mvua pia ilikuwemo, ila katika hadithi nyingine kabisa, ya watu wengine. Sisi ndio tuliozishona pamoja, kwa njaa yetu. Mtu wetu hakuletewa mvua na mtu yeyote. Alikufa huko juu peke yake, kwa mistari mitatu tu.

Mjane alinipa gazeti, nikalipeleka Kilungu alikoolewa Mueni. Nilimsomea jikoni akimenya viazi, watoto wake wakila machungwa na kutupa nusu. Nilipomaliza alinitazama kama niliyemletea matusi. "Aliyeandika hayo alikuwa ameshiba," akasema. "Mwenye njaa hamuui mwenzake hivyo. Soma ile yetu."

"Ile yetu haimo kwenye karatasi."

"Kwani mimi nilikuwa nasikiliza karatasi, kaka?"

Basi nikaisimulia yetu, mvua ikanyesha, mtu akapanda mahindi na maharagwe mwezini, akala akasaza. Kitheka amezeeka vizuri na Ndeto amezikwa kwa hotuba ndefu, na hilo bado linanichoma. Lakini watoto wa Mueni hawajawahi kulala njaa hata siku moja, na mkubwa wao, mdomo ukiwa umejaa chungwa, aliuliza kwa nini mtu yule hakurudi tu nyumbani kula. Mimi na dada yangu tuliangaliana. Mwaka ule mzima wa njaa, swali hilo halikutujia.