Kitufe cha Kuhamisha Sauti

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kujifunza kinanda kwa vibao vyeupe peke yake. Vyeusi niliviogopa. Video nilizozitazama kwenye simu, kwetu mtaa wa Katuba, zilianza na tuni ya Do, na Do ni vyeupe vitupu, basi nikakaa humo kama mtu aliyepanga chumba kimoja akasema amejenga nyumba. Wimbo wowote niliousikia niliuburuta mpaka Do. Baadaye nikagundua kwamba kinanda cha umeme kina kitufe kidogo pembeni mwa skrini: ukikibonyeza, sauti yote inapanda au inashuka, na vidole vyako vinabaki palepale. Siku hiyo nilifurahi kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umefutwa.

Katika kwaya yetu ya parokia, kinanda hakianzishi wimbo. Anayeanzisha ni mama mmoja muuza mboga, mwenye sauti ya kwanza. Anafumba macho na kuanza pale koo lake lilipoangukia siku ile. Akiwa na mafua, chini. Akiwa na furaha, juu. Mpiga kinanda anayejua kazi humsikiliza kwa neno moja au mawili, na vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Mimi nilikuwa nikizima sauti ya kinanda karibu yote, nainamisha kichwa, nagusa kibao kimoja huku nabonyeza kile kitufe, juu, chini, mpaka nikutane na mama. Ndipo nafungua sauti na kuingia. Waumini waliokiona kichwa changu kimeinama walidhani ninasali.

Wakasema nina kipaji. Mama mwingine alinishika mashavu mbele ya mlango wa kanisa na kuwaambia wenzake kwamba mutoto huyu, Mungu mwenyewe alimupatia don, kipaji chake. Nilirudi nyumbani na hofu. Jinsi walivyolitamka neno lile, kipaji ni kitu kisichokosea, na mimi nilijua kilicho chini ya vidole vyangu. Basi nikafanya kazi. Nilirudia ubeti mmoja mpaka mama yangu akanisihi nibadilishe, hata kwa wimbo mbaya. Lakini mazoezini, wimbo ukiwa mpya, sikwenda. Nilituma ujumbe kwamba naumwa, nikajifungia kuujifunza peke yangu ili mtu asinisikie nikikosea. Bidii yangu yote ilikuwa ya kuficha. Kama nilikuwa naupenda muziki, sikuwa na nafasi ya kujua. Nilikuwa nausikiliza kama mlinzi anavyosikiliza geti.

Kisha dada yangu mkubwa akaposwa. Jamaa wa mchumba wake walijua mpiga kinanda mmoja hodari wa mtaa wa Karavia, na mimi ndiye niliyemshauri dada amchukue. Dada alikuwa anasuka nywele za mtoto wa jirani. Hakuinua hata kichwa.

"Mudogo yangu, siku ile njo weye utapiga. Sitaki muntu mwengine."

"Na kama nikikosa, yaya?" nikamuuliza, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Utakosa. Mimi niko naolewa, siko nafanya concours, siko nashindana na muntu."

Wimbo wa kutokea kanisani alikuwa ameshauchagua: ule ambao baba yetu, mstaafu wa reli, alikuwa akiuimba kwa pua kila asubuhi akinyoa ndevu. Nilijua kwamba baba atakaa benchi la mbele. Kuanzia hapo nilipoteza usingizi na hamu ya kula. Niliota nimefika mbele ya kinanda na vibao vyote ni vyeusi.

Jumamosi ya harusi umeme haukuwapo, kwa hiyo misa ilianza kwa jenereta. Wimbo wa kuingia ulikwenda vizuri. Sadaka, vizuri. Nikaanza kupumua. Wakati wa komunyo taa ya nje, karibu na sakristia, ikawaka: kuran, yaani umeme, imerudi. Watu wa mabenchi ya nyuma walinong'onezana kwa furaha, na mlinzi wa parokia akafanya anachofanya kila mara ili kuokoa mafuta. Alizima jenereta na kugeuza swichi. Kinanda kikafa, kikafufuka. Nami wakati huo nilikuwa namtazama dada yangu akirudi kutoka altareni, shela lake limekamatika kwenye kiatu cha mume wake.

Mama muuza mboga akaanzisha wimbo wa shukrani. Ulikuwa kwenye sauti ileile aliyoanzishia ule uliotangulia, nilimsikia, sikuona sababu ya kuinamisha kichwa. Nikafungua sauti na kuingia kwa mikono miwili. Kinanda kilipozimika, kitufe kilikuwa kimerudi sifuri.

Ilikuwa kama kumimina mafuta ya taa kwenye chai ya wageni. Wengine walinifuata mimi, wengine walibaki na mama, mkono wa mwongoza kwaya ukaganda hewani. Nikatafuta kitufe kwa haraka, nikabonyeza cha jirani yake, na kinanda kikaanza kupiga ngoma za rumba chenyewe. Mtu alicheka. Nilizima kila kitu. Wenzangu wakaendelea na ngoma na makofi, na ukweli ni kwamba waliimba vizuri sana. Nilikuwa nawaza mlango wa sakristia tu, uko hatua chache, naweza kutoka kama mtu anayekwenda kuita padre.

Umebaki wimbo mmoja. Wa baba.

Mwongoza kwaya, ambaye siku za kazi huendesha lori la wafanyabiashara wa jumla waliotoka Kivu, alinijia akajifanya anapanga mikrofoni.

"Petit, mudogo, acha ile kitufe. Tokea zamani najua."

"Unajua nini?"

"Ya kama haunaga kupiga mu nyeusi. Bote tunajua, hata mama anajua. Tafuta yeye na mukono moja, noti moja moja. Ukipotea, nyamaza. Kisha unarudia."

Walijua wote kwamba vyeusi navikwepa. Siri niliyoilinda kwa kukesha miaka yote ilikuwa siri kwangu tu. Sikujua nicheke au nijifiche, na sikuwa na muda, mama alikuwa ameshafumba macho.

Nikatafuta kwa mkono wa kushoto. Noti ya kwanza siyo. Ya pili siyo, na ilisikika. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nayo ikakaa chini ya sauti ya mama. Nilitembea juu yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Katikati ya ubeti nilipotea, nikanyamaza, nikarudi. Maharusi walikuwa wanashuka katikati ya kanisa kwa zile hatua za kucheza, mbili mbele, moja nyuma. Baba alisimama, akaanza kuimba kwa pua, hakuwa ananitazama kabisa. Na kwa kipande cha kiitikio nilisahau kuogopa. Nilipogundua kwamba nimesahau, hofu ikarudi mara moja, nikakosea tena.

Baadaye, kwenye sherehe, mjomba mmoja aliniambia nina kipaji ila sikuwa na bahati siku ile. Nilimjibu asante. Nadhani ni kinyume chake. Bahati nilikuwa nayo Jumapili zote zilizotangulia, ambazo umeme haukurudi katikati ya misa, na bahati hiyo nilikuwa nimeiandika kwenye hesabu ya bidii yangu. Kuhusu kipaji, bado sijui kama ninacho. Swali hilo linaniogopesha, na nimeacha kulijibu.

Dada alinilisha kipande cha keki, akasema tu kwamba alinisikia nikitafuta.

Sasa nakwenda mazoezini hata wimbo ukiwa mpya, na wenzangu wananisikia nikikosea. Ninapiga bila kile kitufe, polepole, na tuni mbili zenye vyeusi vingi bado zinanishinda. Jumamosi jioni naogopa kama zamani. Jumapili nakwenda.