Mikono Minne, Kinanda Kimoja

Tulikuwa tunakunywa chai kwenye ukumbi wa parokia, Masasi, asubuhi ya safari ya Newala, fundi cherehani aliponiambia jambo ambalo mume wangu alikuwa amenificha mwezi mzima.

Chama chetu cha kinanda kilikuwa na watu wanane. Wengi tulijifunzia kwenye shule za misheni, kwenye vinanda vya kukanyaga vilivyohema kama mgonjwa wa pumu. Fundi cherehani, Mwislamu, alikuwa amejifunza kwa kusikiliza tarabu redioni, na alitushinda karibu wote. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mama tuliyemwamkia sote, hata wenye mvi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikutana, tukapiga, tukala mihogo ya kuchemsha na kutaniana. Miaka ile bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kujaa madukani, nasi tukapata kinanda cha umeme kilichoweza kutumia hata betri. Mimi na mume wangu tulikipiga pamoja tukiwa benchi moja, yeye upande wa sauti nzito, mimi upande wa sauti nyembamba. Siku hiyo tulikuwa tumealikwa Newala, mara yetu ya kwanza kupiga mbele ya watu wasiotujua.

"Mwalimu," fundi aliniambia, maana nilikuwa nafundisha shule ya msingi, "mumeo ana moyo. Mwingine angepunguzwa kazi angejifungia ndani. Yeye kila asubuhi namwona anaingia hapa kwenye kinanda, mpaka adhuhuri."

Kibanda chake cha kushonea kilitazamana na ukumbi, kwa hiyo hakuwa anakisia.

Mume wangu alikuwa karani wa ghala la mazao. Mwezi mzima huo alikuwa ametoka nyumbani na shati nililolipiga pasi mimi, kalamu mfukoni. Jioni alirudi akisema kazi ni nyingi. Na mimi nilikuwa nimemsifu jinsi mkono wake wa kushoto ulivyokuwa mwepesi siku hizo. Nilimsifu hata kwa mama yangu.

Fundi aliniangalia usoni, akashusha kikombe. "Mwalimu, kwani hukujua?"

"Nilijua," nikasema. Nami nikawa nimesema uongo.

Mume wangu alikuwa nje, anafunga kinanda kwa blanketi nyuma ya pikapu. Nilimwita, lakini mwenyekiti akapiga makofi kwamba tumechelewa, na watu wakapanda. Mimi nikaketi mbele na mwenyekiti. Mume wangu akabaki nyuma na wenzake, mkono juu ya kinanda kisirukeruke. Njia nzima, gari likinguruma kupanda kilima, nilimwangalia kwenye kioo cha dereva. Alikuwa anacheka na wenzake. Kicheko kile kiliniuma kuliko habari yenyewe.

"Mwanangu, unaumwa?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mama. Vumbi tu."

Ukumbi wa Newala ulijaa. Waliokosa viti walisimama madirishani, na akina mama walikuwa wamekaa chini mbele kabisa na watoto mapajani. Sisi wawili tulipangwa mwisho, na kipande chetu kilikuwa wimbo wa harusi ambao mume wangu mwenyewe aliupanga kwa mikono minne. Muda wote wenzetu walipokuwa wanapiga, tulikaa bega kwa bega ukutani. Alininyooshea pipi ya kifua, nikaikataa. Akaniangalia, na nikaona ameelewa kwamba najua.

Tukaitwa. Tukaketi.

Kwa desturi yetu, wa sauti nzito ndiye anayeshika mwendo. Siku ile sikumfuata. Nilianza kwa kasi, naye akahangaika kunifikia.

"Polepole," akaninong'oneza.

"Mwezi mzima," nikamjibu, macho kwenye vidole vyangu. "Mwezi mzima unaniaga asubuhi. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Mkono wake ukakosea. Ukakosea tena. Kisha akainua mikono yote miwili, akaiweka mapajani.

Ukumbi ukasikia pengo lile. Nilibaki napiga peke yangu, sauti nyembamba tupu, kama mtu anayeimba bila kuitikiwa. Pembeni ya jicho nilimwona mwenyekiti ameshika mdomo. Ningeweza kumaliza peke yangu na kumwacha pale aaibike, na Mungu anisamehe, nilitamani hivyo. Wimbo ulifika mahali pa yeye kuingia. Hakuingia. Nikarudia mstari uleule. Nikaurudia tena, safari hii kwa mwendo wake. Mama mmoja pale chini akadhani ndivyo wimbo ulivyo, akaanza kupiga makofi, na wenzake wakamfuata.

Mara ya nne mume wangu akaingia.

Tulimaliza. Vigelegele vilipigwa, wakataka turudie, nikasema betri zimekwisha.

Nyuma ya ukumbi, karibu na mapipa ya maji, nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia siku ileile niliyopewa barua. Nilipoingia ndani ulikuwa umeshapiga pasi shati la kesho yake."

"Kwa hiyo mwezi mzima nimepiga pasi uongo wako."

"Ndiyo," akasema. Hakujitetea, na hilo likaninyima pa kumshikia.

Sikumsamehe pale. Wiki mbili tulizungumza habari za chumvi na kuni tu. Wiki ya tatu aliniambia anakwenda Lupaso, kwenye mikorosho aliyoachiwa na baba yake, iliyokuwa imemezwa na vichaka. Jumamosi nilimfuata na panga langu. Tulifyeka mpaka jua lilipokuwa kali, na pale, tumekaa chini tunakunywa maji, alinieleza yote: alivyoitwa ofisini, maneno aliyoambiwa, na jinsi alivyozunguka soko mara tatu kwa kuogopa kurudi nyumbani mapema. Nikasikiliza. Nikalia kidogo. Tukaendelea kufyeka.

Mkutano uliofuata wa chama, kabla hatujafunua kinanda, alisimama mbele ya wote. "Ndugu zangu, mimi nimepunguzwa kazi. Sasa ni mkulima. Mke wangu nilimficha, na nyie nikawatumia kama maficho."

Fundi cherehani akainamisha kichwa. Kisha mwalimu mwenzangu mmoja, mwanachama pia, akasema bila kuinua macho kwamba mdogo wake aliye Mtwara naye ameletewa barua kama hiyo, na mkewe bado hajui.

"Mwambie amweleze leo," mume wangu akamjibu.

Mwenyekiti akauliza kama chai ipo. Nikainuka kumimina.