Bia za Kilio, Sabuni ya Mgonjwa

Siku tuliyomzika mama yetu hapa Kolwezi hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa wakati ule nilikuwa binti tu na leo sina jino la kutafunia muhogo.

Mama alikuwa amepooza. Kaka zangu walikuwa na kazi mgodini. Mimi nilikuwa na meza yangu ya samaki wa chumvi, makayabu, sokoni. Nani akae na mgonjwa? Wakasema binti. Nikaiacha meza, na kabla mvua hazijaisha mwingine alikuwa ameichukua. Nilimgeuza mama, nikamlisha uji, nikafua shuka zake kwa majivu. Nikiomba sabuni, kaka walisema mshahara haujatoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mama akafa, na pesa ikatoka siku hiyo hiyo. Turubai, fanfari ya wapiga tarumbeta, bia kreti kwa kreti, maana kwetu kilio kidogo ni aibu ya ukoo mzima. Shangazi yetu, ambaye kubembeleza hakujui, akasimama katikati ya viti.

"Huyu mutoto alikuwa anafula na majivu. Mulimuambia franga hakuna. Hii bière yote inatoka wapi?"

Kaka mkubwa akainama. "Shangazi, batu batatucheka."

"Bacheke."

Fanfari ikaendelea. Mimi nikagawiwa kitenge cha msiba. Husemwa mcheza kwao hutunzwa. Mimi niliuguza kwetu, na meza sikuipata tena maishani.

Usidhani mambo yamebadilika. Sasa mimi ndiye ninayegeuzwa kitandani. Binti yangu ameacha biashara yake ya mkaa kwa ajili yangu, na wanangu wa kiume wanachimba kobalti mtaa wa Kasulo. Juzi mmoja alipiga simu, amefurahi kweli: "Mama, usiogope, tulisha kuanza kucotiser ya kilio yako." Yaani wanachanga pesa za msiba wangu nami ningali hai. Nikamjibu asante. Kisha nililia, sikufichi, kwa sababu dada yake alikuwa amelala na njaa.

Mwanangu, kama kwenu kuna mgonjwa, anayemwosha naye ana tumbo. Kaeni kikao leo, kila mmoja ataje atakachompa kila mwezi, na kimfikie mkononi wakati mgonjwa angali anapumua. Sina tumaini kubwa. Shangazi alisema mbele ya wote, hakusikiwa. Hata hivyo Mungu akupe moyo wa kutoa mapema, na siku utakapolala wewe, akujalie wa kukugeuza aliyeshiba.