Bunduki ya Mzee wa Kenton

Mume wangu ni dereva wa basi, na kwa muda mrefu raha yake ya siku ya mapumziko ilikuwa kulala na kuwalalamikia abiria. Kisha mwenzake wa kazini akampeleka kwenye klabu moja huko Essex, ambako watu hulipa ili wavipige risasi visahani vya udongo vinavyorushwa angani. Alirudi nyumbani kwetu Ilford, London, jioni ile bega limevimba na uso unacheka wenyewe. Nikamwambia kama hamu yake ni kuvunja vyombo, sinki limejaa, aanzie pale.

Utani haukumzuia. Alifuata taratibu zote, polisi wakaja kutuhoji na kutazama kabati la chuma alilolikaza ukutani, akapewa cheti chake cha kumiliki bunduki. Kilichobaki kilikuwa bunduki yenyewe, na kwa kuwa mpya hatuiwezi, akaanza kutafuta iliyotumika. Hapo ndipo aliponikumbuka mimi.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa bunduki za askari wa wanyamapori, upande wa Nanyuki. Wasichana wenzangu walifundishwa kusuka vyondo. Mimi nilifundishwa kuikagua bunduki iliyopita mikononi mwa watu. Unaifunga, unaishika kitakoni, unaitikisa taratibu karibu na sikio. Ikigongagonga kama mlango wa choo cha shule, ujue bawaba imekwisha. Unaifungua, unatazama ndani ya mitutu ukiielekeza dirishani. Mwanga ukijikunja mahali, pana uvimbe, na mtutu wenye uvimbe unaweza kumpasukia mtu usoni. Unatazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechunika, yuko asiyejua kazi aliyeingiza bisibisi yake humo. Baba alikuwa akisema muuzaji ana mdomo, lakini bunduki ina mwili. Maneno yasipopatana na mwili, rudisha, shukuru, ondoka. Usibishane wala usiulize.

Mume wangu aliyapenda maneno hayo mno. Aliyarudia mbele ya rafiki zake kila walipokuja kula nyama, kana kwamba baba alimwachia yeye urithi huo akaninyima mimi.

Mimi sikutaka bunduki nyumbani kwangu. Ni nesi katika wodi ya wagonjwa wa akili, na niliyoyaona yananitosha. Nilikubali kumsindikiza nikiwa na yangu moyoni: nitatafuta kasoro, na mtu akitafuta kasoro kwenye kitu cha zamani hakosi. Ya kwanza tuliyoiona niliikataa kwa haki, maana ilikuwa na uvimbe ambao hata kipofu angeupapasa. Ya pili nayo niliikataa kwa haki, ingawa nilifurahi kuliko ilivyostahili. Ya tatu ilikuwa Kenton, upande wa pili wa London.

Mwenyewe alikuwa mzee wa Kisikh, mzaliwa wa Nakuru, aliyekuwa na gereji huko kabla ya kuhamia London na familia yake. Mume wangu alipompigia simu, mzee alisikia lafudhi yetu katika maneno mawili ya Kiingereza, akageukia Kiswahili papo hapo. Waliongea Nakuru, waliongea barabara za zamani, wakaongea mvua. Kufikia mwisho wa simu biashara ilikuwa imekwisha nusu. Sisi tuna ugonjwa huo. Mtu akikusalimia kwa Kiswahili katika mji huu, unamwamini kabla hujamwona uso.

Tulifika mchana wa Jumamosi. Alitufungulia mwenyewe, kilemba kimefungwa vizuri, sweta la vifungo limemlegea mabegani kama la kuazima. Mlangoni palikuwa na ndara za mwanamke, zimepangwa kando ya viatu vyake. Alitukalisha, akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi, kachori na bakuli la chevda ya karanga, na hakukubali nimsaidie hata kubeba sinia.

"Kuleni kwanza," alisema. "Bunduki haina miguu, haitakimbia."

Tukala. Ndipo akaenda kuileta, ikiwa wazi, tupu, imelala mikononi mwake kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa ya mitutu miwili, mbao zake za rangi ya asali iliyokolea. Akampa mume wangu boksi la risasi lililokuwa limefunguliwa zamani.

"Hizi ndizo zilizobaki, zote. Na hii kitu haijaguswa tangu mama atuache. Iko tu kwa cabinet, miaka yote hiyo." Mama alikuwa mkewe. Picha yake ilikuwa juu ya televisheni, na shada la maua ya plastiki.

Nilipotoa tochi kwenye mkoba, mume wangu alinikata jicho. Namwelewa. Umekula kachori za mzee, umekunywa chai aliyoipika kwa mkono wake, halafu unamulika kitu chake kwa tochi kama afisa wa forodha. Kwetu hiyo ni kumwambia mtu mzima kwamba ni mwongo. Lakini bunduki ndiyo kitu kimoja ambacho baba hakuruhusu heshima iingilie. Niliomba radhi, nikamulika.

Mitutu ilikuwa safi, mwanga ukapita umenyooka. Haikugonga nilipoitikisa. Skrubu zote zilikuwa na vichwa vizima. Nilianza kukasirika, maana kasoro niliyoitaka haikuwepo. Kisha nikatazama vizuri zaidi.

Kwenye mbao za mbele, katika michoro ile ya kushikia, vumbi la miaka lilikuwa limegandamana. Hapo mzee alisema kweli. Lakini shingo ya kitako, mahali mkono unaposhika, ilikuwa safi na inang'aa kwa jasho. Bawaba ilikuwa na mafuta mabichi. Na kwenye midomo ya mitutu kule nyuma, risasi zinapoingizwa, mafuta ya zamani yalikuwa yamekauka yakawa utando wa kahawia. Katika utando huo palikuwa na duara mbili zilizosuguliwa zikawa nyeupe. Zilikuwa mpya. Ndani hapakuwa na masizi hata kidogo. Bunduki hiyo ilikuwa ikitiwa risasi na kutolewa, kutiwa na kutolewa, mara nyingi, hivi karibuni, na haijalia hata mara moja.

Mzee alikuwa ameinuka kwenda kuongeza chai. Mume wangu aliziona duara hizo akichungulia juu ya bega langu, na kwa kuwa nilimfundisha mwenyewe, akazielewa nusu.

"Ametudanganya," alininong'oneza. "Hii inatumika kabisa. Baba yako alisemaje? Maneno na mwili havipatani. Twende, mama watoto. Tumshukuru, twende." Alikuwa tayari ameanza kuvaa koti.

Mimi nilikuwa nimeganda na bunduki magotini. Niliogopa, na naogopa hata sasa ninapoandika. Mtu anayewinda hatii risasi akazitoa. Anayelenga visahani hafanyi hivyo. Huyu ni mtu anayekaa peke yake na kitu hiki, anakitia risasi, anakaa nacho, kisha anazitoa. Siku moja hatazitoa. Na hapo mume wangu alikuwa anafunga zipu ya koti, akifuata kanuni ya baba neno kwa neno, kwenda kumwachia bunduki yake.

Kazini ningejua la kufanya. Kila zamu namwuliza mtu kama anafikiria kujiua. Nauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ninayoulizia kama mtu anatumia sukari, na mdomo wangu umeshalizoea swali. Kwa Kiswahili sikuwa nimeliuliza maishani mwangu. Mtu mzima haulizwi hivyo. Kwetu kulitaja jambo hilo mbele ya mzee, tena mzee aliyekulisha nyumbani kwake, ni kama kumtakia. Na kama nimekosea je? Ningeliuliza kwa Kiingereza, lakini tangu tuingie hakuna aliyekuwa amesema naye Kiingereza, na niliona kwamba kukigeukia sasa kungekuwa kumfungia mlango.

Nilimpa mume wangu bunduki. "Keti," nilimwambia. "Usimwambie kitu."

Mzee alikuwa jikoni, amesimama juu ya sufuria, anasubiri maziwa yapande. Nilisimama kando yake, si mbele yake.

"Mzee, niwie radhi," nilisema. "Mimi ni mtoto wako. Ile bunduki unaitoa kabatini. Unaitia risasi, halafu unazitoa. Unataka kujiua?"

Neno lilitoka likiwa kubwa kuliko jiko lile. Hakunitazama. Maziwa yakapanda, akazima gesi.

"Nani alikufundisha kuangalia bunduki?"

"Baba yangu."

"Alikufundisha vizuri." Aliisogeza sufuria pembeni. "Kuna Mzungu alikuja mbele yenu. Aliangalia mbao tu, akasema beautiful, beautiful. Halafu akaona bei si yake, akaenda."

"Mzee, sijajibiwa."

"Nataka," alisema. "Siku zingine nataka sana. Siku zingine naogopa kwamba nataka. Ndiyo nikaamua kuiuza."

Nilimwuliza mbona asiipeleke polisi, wao huzipokea.

"Wangeuliza sababu. Halafu wangemwambia binti yangu. Ukiuza kitu, mama, hakuna mtu anauliza sababu."

Nililia. Nesi mzima, miaka yote hii wodini, nikalia juu ya sufuria ya chai ya mtu. Yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Mume wangu akatokea mlangoni, koti limefungwa hadi shingoni, na ile sauti yake ya adabu anayoitumia kumshusha mlevi. "Mzee, tunashukuru sana kwa chai, lakini kwa leo—"

"Tunaichukua," nilisema.

"Lakini si tumeona—"

"Tunaichukua leo hii, kwa bei yake. Andikianeni kwenye cheti."

Tumeoana muda wa kutosha. Alitazama macho yangu, akamtazama mzee, akafungua zipu. Hakuelewa bado, lakini alikwenda kutoa cheti, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nife.

Mzee nilimwambia nisilopenda kumwambia: kwamba siondoki mpaka ampigie binti yake, na kwamba Jumatatu lazima amwone daktari. Alinikasirikia. Alisema alikuwa ameuza bunduki, hakuuza aibu yake. Nilimjibu kwamba mimi ni mnunuzi mbaya, nachukua vyote. Kisha akaomba simu yake iliyokuwa sebuleni. Walizungumza Kipunjabi. Sikuelewa hata neno, ila niliisikia sauti ya binti ikipanda, kisha ikinyamaza, na mzee akisema jambo moja tena na tena kwa upole, kama anayembembeleza yeye.

Binti alikuwa anakuja kutoka Slough. Tulimngoja sebuleni, sisi watatu, bunduki imeshafungwa kwenye mfuko wake. Mume wangu alimaliza chevda yote kwa wasiwasi.

Gari liliposimama nje, mzee aliinuka. Alitia mkono mfukoni mwa sweta, akautoa, akamnyooshea mume wangu.

"Na hizi," alisema. "Niliwaambia zote ziko kwa boksi."

Zilikuwa risasi mbili. Alikuwa ametupakulia chai na kachori akiwa nazo mfukoni. Mume wangu alizipokea, akazitazama kiganjani, na ndipo nikamwona anaelewa. Akamshika mkono mzee aliyekuwa amemwita mwongo, kwa mikono yake miwili, risasi zikiwa katikati, akashindwa kumwachia mpaka binti alipogonga mlango.

Bunduki hiyo iko kabatini kwetu Ilford. Mume wangu hajaipiga hata siku moja. Essex bado anaazima ya klabu, na rafiki zake wakija hayarudii tena maneno ya baba. Mzee siku hizi anaishi kwa binti yake, na hupiga simu Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kwanza anauliza kama tunaipaka mafuta. Kisha mimi namwuliza swali langu, kwa Kiswahili, kwa maneno yaleyale ya jikoni, na halijawa jepesi. Anajibu kila mara, na si kila jibu limenipa usingizi.

Jumapili hii, kabla ya jibu, nilisikia kijiko kikigonga sufuria.

"Leo hapana, mama," alisema. "Leo napika dengu."

Nikamwuliza kama ametia dania.